Mama Mistari na Kisima cha Pili

Kazini walimwita Mama Mistari, na jina hilo hakulichukia, maana lilikuwa la kweli. Kutwa nzima alikaa mbele ya skrini mbili akipitisha mistari kwenye nukta. Wenzake walikuwa na mambo ya kujivunia: wapo waliovaa helmeti na kupanda mtambo, wapo waliosafiri kwenda kubishana na wabia kwenye meza ndefu. Yeye alikuwa na nukta zake. Ukimkuta amekunja uso kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano, ujue nukta zimekataa kunyooka.

Kazi yenyewe, akikueleza, utashangaa ilivyo nyepesi kueleweka. Kisima kikishachimbwa, mafundi hushusha chombo kwa waya mpaka kwenye ule mwamba wenye vitundu vidogo unaohifadhi majimaji kama sifongo. Chombo hujibana kwenye ukuta wa shimo, hufyonza kidogo, kisha husoma presha. Wanakishusha tena, kinasoma tena, hivyo hivyo mpaka chini. Kadiri unavyoshuka ndivyo presha inavyoongezeka, kwa sababu kilichoko juu kinakilalia kilichoko chini. Maji ni mazito, kwa hiyo ndani ya maji presha hupanda haraka. Mafuta ni mepesi zaidi, hupanda taratibu. Gesi ndiyo haina uzito wa maana. Utashuka weee, na presha imesogea kiduchu tu. Ukizipanga zile nukta kwenye mchoro, kina kikienda chini na presha ikienda pembeni, zitajipanga mstari, na mlalo wa mstari ndio utakaokuambia huko chini kuna nini. Hujaona tone, hujanusa kitu, lakini umeshajua. Na kama mafuta yamekaa juu ya maji, mistari yao miwili itakatana, na pale inapokatana ndipo mafuta yanapokoma.

Nyumbani kwao maelezo yote hayo yalikuwa yamefupishwa kuwa "anapima presha". Mama yake aliwatangazia majirani hivyo kwa fahari, na kila mara binti alipokwenda likizo hakukosekana bibi wa kukunja mkono wa gauni na kuulaza mezani akisubiri kupimwa. Mwanzoni alijitahidi kufafanua. Baadaye alinunua kile kipimo cha hospitali, akawa anawapima kweli, na maneno yakaisha.

Haya yote yangebaki kuwa ya kuchekesha tu kama kampuni isingekuja kuchimba nyuma ya kilima cha kwao.

Kila mfanyakazi alikuwa amekula kiapo cha kutosema lolote kuhusu kisima mpaka kampuni yenyewe itangaze. Si kwa mke, si kwa mume, si kwa mama mzazi. Ukisema, umejifukuzisha kazi. Mama Mistari alikuwa mtu wa kushika kiapo; huko utotoni hata sukari iliyoibwa jikoni hakuwahi kumtaja aliyeiiba, na mwizi mara nyingi alikuwa mdogo wake.

Huyo mdogo wake alikuwa fundi mwashi, na mji mzima walimwita Fundi. Mikono yake ilikuwa mizuri. Ukuta aliousimamisha hukuhitaji kuupima kwa timazi, macho yalitosha. Lakini mji ulikuwa umeacha kujenga. Mwaka ulipita, na mwingine, mkewe akachoka akaenda kwao, naye akarudi kulala kwenye chumba cha nyuma kwa mama, chumba kile kile alichokulia. Akawa analala mpaka jua linapata ukali. Mama hakumsemesha sana. Alimwekea chai, akaifunika kwa kisahani.

Kisima cha kwanza kilipofika kwenye mwamba wenyewe, Fundi alipiga simu.

"Dada, kuna kitu huko?"

Nukta zilikuwa mbele yake skrini nzima, zimenyooka, na mlalo wake ulikuwa wa mafuta bila ubishi.

"Sijui, mdogo wangu. Msitegemee kitu."

Siku chache baadaye kampuni ikakijaribu kisima kwa kuyatoa mafuta na kuyachoma, na moto ukawaka nyuma ya kilima, mkubwa, wa rangi ya chungwa, ukaonekana mji mzima. Watoto walitoka madarasani na walimu wakatoka nyuma yao. Fundi akapiga simu akicheka mpaka maneno hayatoki.

"Siri ya mtungi aijuaye kata. Ulikuwa unajua, dada."

Dada akanyamaza.

"Unanyamaza? Basi nimekuelewa. Wewe ukisema tusitegemee, ndiyo tutegemee. Tangu leo hiyo ndiyo lugha yetu."

Na yeye, badala ya kumkatalia, alicheka. Ulikuwa muda mrefu hajamsikia mdogo wake akifurahi. Kicheko hicho alikuja kukijutia kuliko jambo lolote alilowahi kufanya maishani, lakini nani angejua? Mtu unacheka na ndugu yako kwenye simu, basi.

Kisima cha kwanza kilikuwa na jambo moja ambalo mji haukulijua, wala moto haukulisema. Kilikuta mafuta, kweli, lakini kiligusa ukingo wa juu wa mwamba tu, na mwamba wenyewe ulikwenda ukiinama kuelekea bondeni. Mafuta yalishuka mpaka wapi? Huenda mbali sana, huenda kidogo tu. Kwa hiyo wakachimba cha pili, chini zaidi bondeni, ili wajue. Mji nao ukaona mtambo wa pili ukisimama, ukasema: mtambo mmoja kumbe haukutosha.

Nukta za kisima cha pili zilimfikia asubuhi, ofisi haijajaa bado, mfagizi anapita na ndoo yake. Aliziangalia mara moja tu. Wenye kazi hii hawahitaji kupiga hesabu ili washtuke. Jicho linauona mlalo kabla kichwa hakijafikiri. Ulikuwa mlalo wa maji, kuanzia juu ya mwamba mpaka chini.

Hata hivyo alipiga hesabu. Alizitoa zile nukta zinazosoma presha ya uongo, za mahali ambapo mwamba umebana na tope la kuchimbia limejikusanya likasukuma kipimo juu. Mstari ukabaki pale pale. Akajaribu kufikiri kwamba pengine visima viwili haviungani, kila kimoja na mfuko wake, akatafuta ufa katikati ambao ungemwokoa. Hakuuona. Mwisho akafanya kile alichokuwa anakikwepa: akauweka mstari wa mafuta wa kisima cha kwanza na mstari wa maji wa kisima cha pili kwenye mchoro mmoja, akaurefusha kila mmoja mpaka ikakutana. Ilikutana hatua chache tu chini ya nukta ya mwisho ya kisima cha kwanza.

Mafuta yalikuwepo. Ila yalikuwa utando, kama yale yanayoelea juu ya mchuzi.

Mkubwa wa kitengo alikuja akasimama nyuma ya kiti chake, kikombe mkononi. Alikuwa mwanamume mpole mwenye tabia ya kupuliza chai hata ikiwa imepoa.

"Umetoa zinazodanganya?"

"Nimezitoa."

Akaangalia kwa muda mrefu. "Haitalipa hata barabara ya kufika pale," akasema. "Haya. Isitoke humu ndani mpaka wabia wakae."

"Watakaa lini?"

"Wabia? Watakaa watakapokaa."

Wiki hiyo hiyo Fundi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeamka mapema. Alikuwa na mpango. Wafanyakazi wa mtambo wangehitaji pa kulala, na nyumba ya mama ilikuwa njiani kabisa, hakuna nyumba nyingine mjini iliyokaa pazuri vile. Jumamosi angeezua paa, avunje kuta za ndani, asimamishe nguzo, apandishe ghorofa la vyumba. Mama angejihifadhi kwa jirani kwa muda. Na mwenye duka la vifaa, ambaye naye alikuwa ameuona moto, alikubali wabadilishane: yeye achukue mabati na mbao za paa, Fundi apewe nondo na saruji.

Nyumba hiyo marehemu baba yao aliijenga chumba kimoja kimoja, kila chumba na mwaka wake, ndiyo maana hakuna sakafu mbili zilizolingana. Mama aliingia humo akiwa bi harusi. Hakuwa na nyingine.

"Usiezue," akasema Mama Mistari.

"Kwa nini?"

"Subiri kwanza. Usifanye haraka."

Fundi akashusha sauti, kama mtu aliyeona polisi.

"Ni mengi kiasi hicho?"

"Mdogo wangu, nisikilize. Nakuambia usitegemee kitu."

"Nimekuelewa, dada," akasema Fundi, taratibu, kwa heshima kubwa. "Nimekuelewa vizuri."

Akakata simu. Ilikuja kujulikana baadaye kwamba jioni hiyo aliongeza ghorofa jingine kwenye mchoro wake.

Sasa wewe unayesoma, niambie, angefanyaje? Akinyamaza, amekubali. Akikataa, amekubali zaidi. Akisema yapo, si ndiyo kabisa? Alilijaribu kila neno kichwani, akakuta kila mlango unafungukia chumba kile kile. Ijumaa aliomba ruhusa, akasema mama anaumwa, akapanda basi. Njiani akaamua kwamba kiapo na kazi viende vinakokwenda. Atasema yote, wazi, kwa maneno ya mtoto wa shule.

Alifika vibarua wameshatangulia juu. Jumamosi ile kulikuwa na jua safi, siku nzuri ya kuezua. Fundi alikuwa amenyoa ndevu. Alisimama chini ya ngazi, penseli sikioni, anatoa amri, na watu wanamsikiliza. Dada yake akamvuta mpaka nyuma ya ukuta wa bafu.

"Kisima cha pili ni maji," akasema. "Maji matupu. Nimeona mwenyewe."

Fundi akamtazama.

"Moto tuliuona, dada."

"Kile ni cha kwanza. Mafuta yapo, ila ni kidogo, ni utando tu. Kampuni itaondoka."

"Yapo au hayapo?"

"Yapo, lakini..."

"Basi yapo."

Dada akaokota kipande cha tofali, akachora kwenye plasta. Huu mstari wa mafuta, huu wa maji. Akaonyesha inapokatana. Mistari haikunyooka, yeye ambaye kunyoosha mistari ndiyo kazi yake. Fundi aliinama akaangalia kwa makini, maana alikuwa mtu wa michoro naye.

"Hapa inapokutana ndipo yalipojaa?"

"Hapana. Hapo ndipo yanapokwisha."

"Chini ya hapo?"

"Maji."

Fundi akasimama wima, akafuta vumbi mikononi. Hakuwa na hasira. Alimwangalia dada yake kwa huruma, na hilo ndilo lililomkata maini.

"Wamekutuma," akasema. "Najua si kosa lako, kazi ni kazi. Wanataka watu wakate tamaa, wauze viwanja kwa bei ya kutupa, halafu wajenge wao."

"Hakuna aliyenituma. Nimevunja kiapo kuja hapa. Wakijua wananifukuza."

"Dada. Nilipougua homa ile, ulikuja? Mke wangu alipoondoka, ulikuja? Ulipiga simu, ukasema kazi imebana. Leo umepanda basi umekuja mpaka hapa ili uniambie nisijenge. Mtu hafungi safari kwa ajili ya maji."

Hilo la homa lilikuwa kweli.

Fundi akarudi kwenye ngazi. "Ongezeni mkono," akawaambia vibarua, na wao, waliokuwa wameona wawili wananong'ona nyuma ya bafu na tofali mkononi, wakaongeza. Habari haina miguu lakini hukimbia. Kabla ya adhuhuri mtaa ulikuwa unajua kwamba yule wa presha amekuja mwenyewe kutoka ofisini kukanusha, na nyumba ya tatu kutoka hapo mzee mmoja naye akamwita fundi wake aje apime. Sikio la kufa halisikii dawa, wanasema. Mimi naona wakati mwingine linaisikia vizuri, ila huidhania wimbo.

Alikuwa amebakiwa na mtu mmoja. Mama alikaa barazani kwa jirani, juu ya sanduku lake la nguo, sufuria zimepangwa miguuni. Akamsalimu, akaketi chini kando yake, akamweleza yote tena. Mama alimsikiliza bila kumkatiza.

"Nilijua tangu uliposhuka kwenye basi," akasema. "Uso wako sikuuzaa jana."

"Basi mkataze, mama. Nyumba ni yako. Wewe ukisema neno atashuka."

"Atashuka."

"Sasa?"

Mama aliangalia juu ya paa, alipokuwa kijana wake sasa, amepanda mwenyewe, amekaa juu ya kenchi na nyundo mkononi.

"Atashuka, ataingia kile chumba, atajifunika shuka. Wewe jioni utapanda basi. Nitakayebaki naye ni mimi. Nilikuwa nikiamka kusikiliza mlangoni kama bado anapumua, unalijua hilo? Hulijui, sikukuambia. Wiki hii anaamka kabla yangu. Anapiga mluzi. Sasa nikamwambie nini mimi?"

"Lakini mama, utakaa wapi?"

"Sijui, mwanangu."

Bati la kwanza likang'oka, likashuka likilia mpaka chini. La pili likafuata. Chumba cha mama kikaingiwa na jua, kitanda kikaonekana kutoka barabarani, na msumari uliokuwa ukitundikwa koti la baba. Mama Mistari aliona aibu, kama vile wamemvua mzazi wake nguo mbele za watu. Akataka kulia, akashindwa. Akamshika mama mkono wakakaa hivyo, wanahesabiwa mabati yao na mwenye duka aliyekuja na mkokoteni.

Wabia walikaa, mwishowe. Kampuni ikatangaza kwa lugha ya kampuni, ikashukuru wananchi kwa ushirikiano. Malori yaliyobeba mtambo vipande vipande yalipita barabara ile ile, mbele ya nguzo za Fundi. Mkubwa wa kitengo alimwita Mama Mistari ofisini, akapuliza chai.

"Nasikia mpaka siku ya mwisho watu wa kwenu walikuwa na uhakika kuna bahari ya mafuta," akasema. "Siri umeitunza. Wengine wakichimbiwa kwao hushindwa."

Alisema ahsante, akaenda kuketi chooni kwa muda.

Mvua ilikuwa imeshaanza alipokwenda tena nyumbani. Nguzo zilisimama, zimenyooka sawasawa, nondo zimetokeza juu zinapata kutu, na katikati yake ghorofa ambalo halikuwahi kuwa. Kona moja walifunika turubai, chini yake mama anaishi na sanduku lake. Mwenye duka alikuwa ameshayauza mabati, na aliyeyanunua alikuwa ameshayaezekea. Fundi alikaa kwenye karai alilolipindua, mgongo kwenye nguzo. Ndevu zilikuwa zimerudi. Alikuwa anaangalia matope.

"Dada. Wewe ulikuwa unajua kwamba ni maji?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujaezua."

Akatikisa kichwa. Hakumwangalia.

"Sasa mbona hukuniambia?"

Mama Mistari alifungua kinywa. Alidhani ni mzaha, akamtazama machoni, akaona si mzaha. Mdogo wake alikuwa anauliza kweli. Siku ile nyuma ya bafu, kipande cha tofali, mistari miwili, neno maji lililotamkwa mara kadhaa, hakuna lililokuwa limemfikia. Alikuwa amesikia mafuta, na mpaka leo alichokumbuka ni kwamba dada alikuja, akamthibitishia.

"Neno moja tu," akasema Fundi. "Sisi ni tumbo moja. Ungeniambia tu, Fundi acha, ni maji. Ningeacha. Wallahi ningeacha."

Chini ya turubai mama alikuwa amesimamisha kijiko kikombeni. Alimtazama binti yake, akatikisa kichwa kidogo sana, kumkataza. Na binti akaelewa: akimkumbusha, atakuwa amemwondolea na hiki kilichobaki, mtu mwingine wa kumlaumu.

"Nisamehe, mdogo wangu," akasema.

Matone yalidondoka kwenye ncha za nondo. Fundi akainua kichwa, akasema yamekwisha, na akamsamehe.